Mwenye nyumba anataka nifyeke uwanja wote kabla ya mvua, nifanyeje?

mama_wa_tororo
Habari zenu wandugu. Nimepanga hapa Tororo, nyumba ina uwanja wa wastani tu. Tangu Desemba hatujaona mvua ya maana, nyasi za mbele zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, ila nyuma ya jikoni kuna kona niliiacha ijiotee yenyewe, kuna kifumufumu, kuna mchicha uliozeeka ukatoa mbegu, kishona nguo, na mpapai mmoja ambao ndege kuzumburu wameufanya hoteli yao. Basi asubuhi nikiosha vyombo namwona ndege chozi, yule mwenye kifua chekundu, anaanza na maua ya duara la chini la kifumufumu, akimaliza anapanda duara la juu, hivyo hivyo kama mtu anapanda ngazi. Nasahau hata sabuni mkononi.

Sasa jana mzee mwenye nyumba kaja kuchukua kodi akasema hili ni pori, nyoka wataingia, nifyeke yote nichome kabla ya mvua ya Machi. Jirani naye akadakia eti kweli kabisa. Nifyeke? Na nisipofyeka nimwambie nini, maana sitaki vita na mtu aliyeshika paa juu ya kichwa changu.

babu_bustani
Dada usichome!! Mwisho wa kiangazi ndio wakati mbaya kuliko yote wa kufyeka kila kitu. Nyasi na mchicha uliokauka ndio ghala la ndege wadogo wanaokula mbegu, huko nje kumekauka, wewe ukichoma wataenda wapi? Kinyonga pia anataga mayai ardhini, halafu majani yaliyooza juu ya udongo ndiyo yanashika unyevu, ukichoma unabaki na jivu na mvua ya kwanza inalibeba mpaka kwenye mtaro.

Mimi hapa Entebbe nafanya hivi, nafyeka karibu na ukuta na njia ya mlangoni, kule nyuma naacha mpaka mvua zishike vizuri, halafu nakata nusu, nusu nyingine naingoja. Majani nayarundika chini ya migomba. Na ule ukingo unaotazama barabarani ukate uwe umenyooka kabisa. Watu wakiona mstari umenyooka wanajua kuna mwenyewe, wakiona majani yameangukia njia wanasema pori. Ni akili za binadamu tu.

boda_wa_arua
Samahani lakini mimi niko na mwenye nyumba kidogo. Kwetu tulimkuta kifutu amejikunja chini ya mabati ya zamani, na ndugu yangu mdogo alikuwa ameshaweka mguu hapo karibu. Nyie wa maua mnaongea rahisi. Una watoto?

mama_wa_tororo
Wawili, mdogo ana miaka 3.

babu_bustani
Boda ana haki kuogopa, simbishii. Lakini sikiliza alichosema mwenyewe, *chini ya mabati*. Nyoka hafuati maua, anafuata panya na vyura na mahali pa kujificha. Kwa hiyo mama, toa mabati, toa matofali yaliyolundikwa, kuni ziweke juu ya kichanja mbali na mlango, mahindi yafunikwe. Kona yenyewe iwe mbali na nyumba na mtoto asicheze huko, usiku tembea na tochi. Kuna watu wanafyeka uwanja mpaka unang'aa halafu wanalala na gunia la mahindi wazi jikoni, wanashangaa nyoka katoka wapi.

nyuki_mbale
Naongeza maji. Weka beseni pana lisilo na kina, uliinue juu ya kisiki, chini litaleta vyura na vyura wataleta wageni wa Boda 😅 Tia mawe ndani yatokeze juu ya maji, nyuki wanahitaji pa kusimama, bila hivyo wanakufa maji. Badilisha kila siku mbili, yai la mbu linahitaji wiki hivi mpaka awe mbu kamili kwa hiyo hutawafuga.

Na dawa ya wadudu acha kabisa kwa sasa. Mbayuwayu waliokuja kutoka Ulaya wanaanza kurudi kwao mwezi wa tatu na wa nne, safari ya kuvuka Sahara hiyo, na chakula chao ni wadudu wa hewani. Kitu kimoja tu, kama una kayukiyuki (lantana) kwenye ua ing'oe kabla haijaweka mbegu. Najua vipepeo wanaipenda, lakini si ya huku, ilitoka Amerika, ndege wanakula vitunda vyake wanasambaza kila mahali, na mbuzi wa jirani akiila anaumwa halafu kesi ni yako.

boda_wa_arua
Hiyo ya mabati nimeielewa. Kesho nayatoa.

mama_wa_tororo
Wandugu narudi na habari. Jumamosi nimekata mbele yote na ukingo wa barabara nikavuta kamba unyooke, kuni nimehamisha, kwenye rundo la matofali nikakuta kiota cha panya na watoto wake watano. Nikampigia mzee aje aone. Akasimama akaangalia ukingo, akaangalia yale matofali, akasema "sasa hapa pamekaa vizuri", kule nyuma hakuuliza hata neno. Akaomba papai moja. Nilikuwa na moja tu ambalo kuzumburu hawajalitoboa, nikampa.

Beseni nimeliweka juzi, mpaka sasa amekunywa kunguru peke yake.

nyuki_mbale
Wape wiki.