Seng'enge mita 40, eneo mita za mraba 120: kikokotoo kinagoma

Mwanika Dagaa
Mwangaluka wakuu. Nataka kuzungushia seng'enge uwanja wa kuanikia dagaa hapa Igombe, maana kuku na mbuzi wa majirani wamenichosha. Nina mita 40, na vichanja vyangu vinataka mita za mraba 120. Umbo mstatili. Mdogo wangu wa kidato cha pili kaita urefu x, upana 20 − x, akapata x² − 20x + 120 = 0. Akiingia kwenye kanuni ya kutafuta x, yaani x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a, ndani ya kipeuo cha pili inatoka −80 na kikokotoo kinakataa. Kakosea wapi? Fundi anasema seng'enge inatosha.

Baba Kulwa
Futa hiyo alama ya hasi, chukua 80, endelea na kazi.

Chaki Nyeupe
Baba Kulwa, usimpoteze mwenzio. Ukifanya hivyo unapata 14.47 na 5.53. Zizidishe: 80, siyo 120.

Dogo hajakosea popote. Ile b² − 4ac, namba iliyo ndani ya kipeuo, hapa ni 400 − 480 (a ni 1, b ni −20, c ni 120). Ikiwa chanya, majibu mawili. Ikiwa sifuri, moja. Ikiwa hasi, hakuna namba halisi inayokubali. Sababu yake iko wazi ukipanga upya mlinganyo: (x − 10)² = −20. Namba gani halisi ukiizidisha kwa yenyewe inatoa hasi? Hakuna. Kwa mita 40 pande zote nne, eneo kubwa kabisa ni 100, mraba wa 10 kwa 10. Huyo fundi apime tena.

Mkolani Boy
Lakini mwalimu, kidato cha sita tunapata 10 ± i√20, i ikiwa kipeuo cha pili cha −1. Majibu yapo!

Chaki Nyeupe
Yapo, kwenye namba changamano. Nenda dukani ukaombe wakukatie seng'enge ya urefu huo.

Mama Doto
Mdogo wangu, hapo pembeni hakuna ukuta wowote? Mimi banda langu upande mmoja nimeegemeza kwenye stoo.

Mwanika Dagaa
Upo dada, ukuta wa stoo, mita 9.

Chaki Nyeupe
Hapo mambo yanabadilika. Pande mbili zinazotoka ukutani ziwe x, wa tatu 40 − 2x. Inakuja x² − 20x + 60 = 0, na b² − 4ac ni 400 − 240 = 160. Chanya! x ni 3.68 au 16.32. Ya kwanza inataka ukuta wa mita 32 na ushee, huna. Ya pili inataka mita 7 na ushee tu.

Baba Kulwa
Na mlango je?

Mama Doto
Mlango wa mbao haukati kwenye seng'enge. Ukiwa wa mita moja, anabakiwa na mita moja ya kufungia vichanja.

Mwanika Dagaa
Shukrani wakuu. Dogo anataka soda yake.