Doto amekaa mwenyewe. Nimchinjie kuku au nisubiri atembee?

MamaMapacha (Kirumba)

Habari zenu wazazi. Nina pacha, Kulwa na Doto, wametimiza miaka mitatu. Walizaliwa kabla ya wakati, na Doto aliyefuata alichelewa kulia, wakamweka kwenye oksijeni. Ana mtindio wa ubongo, ubongo haumudu vizuri kuongoza misuli ya mwili. Kulwa alipoanza kutembea tulichinja kuku, shangazi zake wakaja kutoka Magu, majirani wakacheza mpaka jioni. Siku hiyo Doto nilikuwa nimembeba mgongoni.

Sasa juzi asubuhi nilikuwa nageuza dagaa nyuma ya nyumba. Doto nimemketisha kwenye mkeka kama tulivyofundishwa kwenye mazoezi pale hospitali ya Bugando: miguu imetanuliwa, viganja viwili chini mbele yake. Kwa kawaida anajitahidi kidogo halafu analala ubavu. Kulwa akapita anakimbiza kuku. Doto akageuza kichwa, akamfuata kwa macho mpaka alipokata kona, akarudisha kichwa, na bado amekaa. Hakuna mto, hakuna mkono wangu. Kulwa ndiye aliyepiga kelele, "Mama, Doto kakaa!" Mimi machozi, mikono imejaa magamba.

Baba yao nilipomwambia nataka kuchinja kuku Jumapili hakuwa na neno. Mama mkwe, ambaye nampenda na ndiye anayenishikia Doto nikienda sokoni Mwaloni, akasema, "Mama Kulwa, mtoto wa miaka mitatu kukaa tu? Watu watatushangaa. Subiri atembee." Alisema kwa upole lakini neno lenyewe limenikaa kooni. Ninyi wenye watoto kama Doto mlifanyaje? Mlialika watu?

Mkazi_Igoma

Hongera sana. Ila kwa hali ya sasa, hela ya kuku na soda si ungeiweka nauli ya kliniki? Sherehe mtafanya baadaye.

MamaMapacha

Asante ndugu yangu. Kuku ni wangu wa kufuga, na nauli ya kliniki haiguswi. Kulwa hakuna aliyeuliza hela ya kuku wake.

BabaWaNansio

Mama Mapacha, hongera, na umpe Kulwa hongera pia, maana ndiye shahidi.

Wangu ana usonji, yuko darasa la kwanza hapa Ukerewe. Alikuwa hanyooshei kitu kidole kabisa. Akitaka maji anakushika mkono anakupeleka mpaka kwenye mtungi, anauweka mkono wako juu ya kata. Siku moja tuko ufukweni meli ya kutoka Mwanza inaingia. Akanyoosha kidole kwenye meli, halafu akageuka akanitazama mimi usoni, kisha meli tena. Hakuwa anaomba chochote. Alitaka tu na mimi niione. Wenye watoto wanaoonyesha vitu tangu hawajafikisha mwaka na nusu hawawezi kujua nilivyojisikia.

Sikualika mtu, kwa sababu watu wengi wakijaa nyumbani anaziba masikio na kujificha chini ya kitanda. Furaha ya nani sasa hiyo? Tukawa tunarudi pale pale meli ikiingia, mimi na yeye na mahindi ya kuchoma. Ndiyo sherehe yake, na anaijua kuwa ni yake. Kwa hiyo swali langu kwako: Doto anapenda nini? Anzia hapo.

MamaNeema (Buhongwa)

Mwenzangu, chinja. Mimi wangu ana miaka kumi na mmoja, mtindio kama wa Doto, na ningependa nikueleze mambo ambayo watu hawayasemi.

Kwanza kelele. Neema alipoweza kushika kikombe cha mikono miwili akanywa uji mwenyewe, mama zake wadogo walipiga vigelegele papo hapo. Mtoto akastuka, mwili wote ukakakamaa, kichwa kikaenda nyuma, uji ukamwagika na akapaliwa. Watoto wetu wengi kelele ya ghafla inawakaza. Waambie wageni mapema: tunaimba, ila tunaanza kwa sauti ya chini. Nyumbani kwangu tuna wimbo wetu wa Kisukuma wa kumbembeleza, tunauanza polepole mpaka yeye mwenyewe aanze kucheka, hapo ndipo tunapandisha.

Pili chakula. Hakuna kitu kinaniuma kama sherehe ya mtoto ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuila. Kama Doto hatafuni vizuri, mpondee wali laini na mchuzi mzito, umlishe akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, si amelazwa mapajani anaangalia juu. Mwache amalize kumeza ndipo uongeze kijiko. Soda usimpe, maji maji mepesi yanampalia haraka.

Tatu, usimpange aonyeshe. Mgeni atasema "hebu tumwone akikaa," mtoto amechoka, ataanguka, na wewe utajisikia vibaya bure. Kukaa ameshakaa. Aliyeona ameona.

Kuhusu bibi yake, mpe kazi. Awe ndiye anayemshika Doto wakati wa kuomba dua. Bibi anayembeba mtoto kila siku hajamkataa, anaogopa macho ya watu tu.

FundiMazoezi

Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo kwa watoto hapa Mwanza. Naomba niseme kuhusu hilo la "subiri atembee".

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto asiye na tatizo huwa amekaa bila kushikiliwa kufikia miezi tisa na kidogo, na ametembea kufikia karibu miezi 18. Vipimo hivyo ni vya kutambua mtoto anayehitaji msaada. Doto ameshatambuliwa, anahudumiwa, kwa hiyo usimpime navyo tena kila siku. Kwa mtindio wa ubongo, watoto wanaokaa wenyewe kabla ya miaka miwili wengi wao huja kutembea. Anayekaa baadaye, kama Doto, wengine hutembea kwa fremu au magongo, wengine watatumia kiti cha magurudumu. Sitakuahidi kitu. Ndiyo maana ukifunga furaha yote kwenye kutembea, unaweza kumnyima mtoto sherehe maisha yake yote, na huku anafanya mambo makubwa mbele yenu.

Na hili alilofanya ni kubwa kuliko ulivyoandika. Kugeuza kichwa bila kuanguka maana yake kiwiliwili kimeanza kujishikilia. Kinachofuata ni kuinua kiganja kimoja kushika kitu, huku kingine kikimhimili. Weka kitu anachokipenda mbele kidogo, upande mmoja, kesho upande wa pili. Na atengenezewe kiti cha kona, fundi seremala yeyote anakiweza: mbao mbili za mgongo zinazokutana pembe mraba, na meza ndogo mbele.

MamaMapacha

Nimewasomea wote hapa ndani kwa sauti, mama mkwe akiwa anachambua mchele. Alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Huyo wa Buhongwa kasema Doto ale nini?" Basi Jumapili tunachinja. Wageni ni shangazi wawili na jirani yangu mmoja. Bibi ndiye atakayemshika wakati wa dua, kajiteua mwenyewe kabla sijamaliza kusoma. Baba yao amesema firigisi yake anampa Kulwa kwa kuwa shahidi, na Doto atapata maini ya kupondwa.

BabaWaNansio, Doto anapenda redio, hasa matangazo ya mpira, sijui kwa nini. Jumapili ataambiwa achague stesheni.

FundiMazoezi, fundi wa huku mtaani kakubali kutengeneza kiti ila anataka vipimo. Nimpimeje?

FundiMazoezi

Mketishe ukutani, magoti yamekunjwa. Pima upana wa nyonga uongeze vidole viwili, kisha kutoka mgongo hadi nyuma ya goti upunguze vidole viwili, kisha kutoka nyuma ya goti hadi kisigino. Meza iwe usawa wa kiwiko. Mwambie fundi asitie vanishi kabla mtoto hajajaribu kukaa, kuna pa kupunguza na pa kuongeza. Ukimleta kliniki njoo nacho tukiangalie.