MREJESHO: Hilux yangu ya otomatiki sasa ni manyuali

Wakuu, nilikuja hapa nikiuliza kama Hilux yangu ya dizeli, injini ya 5L, inaweza kutolewa gia boksi ya otomatiki iliyokuwa inateleza ikawekwa manyuali. Imewezekana. Asanteni sana.

Aliyesema nisinunue gia boksi peke yake bali nitafute gari lililochinjwa (lililofunguliwa kuuzwa vipuri), Mungu akuzidishie. Nilipata la aina hiyohiyo, nikachukua kila kitu: gia boksi na transfa yake (inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma), flaiwili na boliti zake, pedeli, masta ya klachi, hadi propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma). Diski, preshapleti na bearingi ya rilizi nilinunua mpya, kwenye mtumba hapo ni kucheza kamari.

Bearingi ndogo ya nyuma ya krenki, ile inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi ya manyuali, ndiyo ingeniumbua. Otomatiki haina, na fundi alishaanza kufunga bila kuiweka! Nikamsimamisha, tukaiweka.

Siku ya kwanza selfu haikuguna. Swichi ya gia ya otomatiki ndiyo inayoruhusu selfu ipige, na sasa haipo, tukaunganisha nyaya zake moja kwa moja. Angalizo: sasa gari linapiga selfu hata likiwa kwenye gia, kwa hiyo mguu kwenye klachi kwanza.

Yaliyogoma: taa za rivasi haziwaki bado, na kuanzia kilomita 80 kwa saa kuna mtikisiko. Nashuku propela, wiki ijayo inakwenda kupimwa balansi. Mlimani lakini linavuta vizuri, halitelezi tena.