Naombeni ushauri: sebule yangu nzima imepitwa na wakati, nianze na kipi?

Mama Sebule (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Kuna jambo linaninyima raha, naombeni mawazo kabla sijamwita fundi.

Nyumba yetu tuliipamba mwaka 2014, na tuliipamba kwa moyo wote. Kijivu ndiyo ilikuwa habari ya mjini, basi kuta tatu za sebule tukazipiga kijivu, wa nne tukabandika wolpepa yenye picha ya matofali. Dari la jipsamu lina ngazi tatu, na kila ngazi ina mkanda wa taa unaobadilika rangi: bluu, nyekundu, zambarau. Mapazia ni mazito, juu yana mikunjo ya kuning'inia. Makochi, kabati na meza ni seti moja. Ukutani juu ya televisheni kuna herufi za kubandika: NYUMBANI NI UPENDO.

Juzi wifi yangu alikuja, akasimama mlangoni akatazama dari, akasema, "Jamani, hapa mmeganda." Hakusema kwa ubaya, ni mtu tunayependana. Ila tangu siku ile nikiingia sebuleni naona kwa macho yake. Mume wangu anataka dari lishuke, wolpepa itoke, makochi yauzwe, kila kitu kiwe rangi ya mchanga kama tunavyoona kwenye picha siku hizi. Mimi nasita. Kijivu nacho kilikuwa kwenye picha zote mwaka ule.

Pesa tuliyonayo inatosha jambo moja kubwa au mawili matatu madogo. Na kuna kitu sitawaficha: mchana sebule ni ya kawaida, lakini taa zikiwashwa kuta zinageuka bluu kama wodi. Hatukai. Tukimaliza kula kila mtu anaingia chumbani kwake. Hilo linaniuma kuliko maneno ya wifi.

---

Fundi Rangi

Dada, kabla hujanunua rangi, panda kiti usome maandishi kwenye balbu zako. Kuna namba inaishia na herufi K. Ni ngapi?

---

Mama Sebule

Nimepanda. Zote tisa zimeandikwa 6500K.

---

Fundi Rangi

Nilijua. Nimepaka kijivu kwenye nyumba nyingi sana miaka ile, na malalamiko yalikuwa haya haya: "fundi, umeniwekea bluu." Kijivu cha dukani mara nyingi si cheusi na cheupe peke yake. Ndani yake kuna bluu kidogo, au kijani, au zambarau. Balbu ya 6500K inatoa mwanga mweupe unaoelekea ubluu, kama mchana wa mawingu. Mwanga huo unaiamsha ile bluu iliyojificha kwenye rangi. Balbu ya 2700K au 3000K ina umanjano, ule mwanga wa balbu za zamani za waya, na kijivu hicho hicho kinatulia.

Badilisha balbu zote tisa, usichanganye, maana mbili nyeupe katikati ya saba za njano zitaharibu kazi. Kama boksi lina namba ya CRI, chukua 90 kwenda juu. Kipimo hicho mwisho wake ni 100, na kinaonyesha mwanga unazitoa rangi kwa uhalisia kiasi gani. Kaa nazo wiki mbili ndipo uamue kama ukuta una kosa.

---

Mshona Mapazia

Namuunga mkono fundi, na nakuongezea la kwangu. Kilichopitwa na wakati kwenye mapazia yako ni ile mikunjo ya juu. Kitambaa chenyewe, kama kilikuwa kizuri 2014, bado ni kizuri. Ile mikunjo inakula mwanga wa dirisha kuanzia juu, na inakusanya vumbi ambalo hakuna anayelifikia.

Fumua mikunjo, bakiza pazia. Halafu bomba lipandishe juu, karibu na dari, na lizidi dirisha kama sentimita 20 kila upande. Pazia likifunguliwa linakaa ukutani badala ya kukaa kwenye kioo. Watu watadhani mmeongeza dirisha. Ukipandisha bomba pazia litapungua urefu chini, kwa hiyo kile kitambaa cha mikunjo usikitupe, ndicho utakachoungia pindo.

---

Kaka Mkubwa

Mimi niko upande wa shemeji. Dari la ngazi tatu na taa za zambarau haliokoki. Mnapaka paka pembeni wakati kilichochuja kiko juu ya kichwa. Shusha, weka dari tambarare, umalize.

---

Fundi Rangi

Mkuu, kulishusha ndiyo hilo jambo kubwa moja, na pesa inaishia hapo. Vumbi la jipsamu litaingia hadi kwenye kabati la nguo, nyaya zitapangwa upya, na bado kuta na mapazia ni yale yale. Kinachochusha ni rangi za taa. Fundi umeme atoe mikanda hiyo aweke ya rangi moja ya joto, au aizime tu. Kisha ngazi zote zipakwe nyeupe moja isiyong'aa. Ngazi bila kivuli cha rangi hazionekani sana.

Na wengine mnaosoma hapa wenye nyumba za zamani, nisikilizeni. Dari zenye vipelevipele zilizowekwa kabla ya miaka ya 1980 kuisha, baadhi zilichanganywa na asbesto. Usilikwangue bila kupimiwa. Rangi kuukuu nayo inaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani waliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, kwingine walichelewa sana. Ukiipiga msasa mkavu, vumbi lake linamdhuru zaidi mtoto anayetambaa. La dada ni la 2014, hofu hiyo hana.

---

Bibi wa Wajukuu Saba

Mwanangu, nimeishi vya kutosha kuona vitu vikitupwa na kurudishwa. Sakafu yangu ilikuwa terazo, vile vipande vya mawe kwenye saruji vilivyosuguliwa mpaka vinateleza. Wakaja watu na vigae vinavyong'aa, nikaona aibu, nikafunika chumba kizima. Leo wajukuu wananionyesha terazo kwenye simu wakisema ndiyo mpya. Yangu iko chini ya vigae na gundi, fundi amesema kuitoa ni kuivunja. Ukuta ukikosea unapaka tena. Sakafu haina kurudi.

Kabla ya kutoa kitu jiulize kilikuwepo kwa kazi gani. Vile vitambaa vya kutandika migongoni mwa makochi, Waingereza wa karne ya 19 waliviweka kwa sababu wanaume walipaka nywele mafuta ya Macassar na viti vikachafuka. Mafuta yakaisha, vitambaa vikabaki. Mimi vyangu nimevitoa, havikuwa na kazi. Kabati langu la vyombo nimelibakiza, kwa sababu nalifungua kila siku.

---

Dada wa Ghorofani

Seti ya makochi usiuze. Itenganishe tu! Kochi moja peleka chumbani, meza ihame, leta kiti kimoja kisichofanana na chochote. Seti iliyokamilika ndiyo inayofanya sebule ionekane kama duka la samani.

---

Mama Sebule (baada ya wiki tatu)

Nimerudi, wapendwa. Siku ya balbu nilianza na moja tu, ya upande wa dirishani, nikamwita mume wangu. Ukuta ulikuwa nusu na nusu: huku bluu ya wodi, huku kijivu cha jivu la kuni. Alisimama katikati akiugusa kama vile umelowa. Hakutaja tena kuhusu dari. Alikwenda mwenyewe kuleta nane zilizobaki.

Mikanda ya taa imetoka, mapazia yamefumuliwa na bomba limepanda. Kiti cha baba yangu mzazi, kilichokuwa stoo kwa sababu hakifanani na seti, kipo sebuleni, na watoto wanakigombania. Juzi saa tatu usiku nilitoka jikoni nikawakuta wote wanne bado wamekaa, mkubwa anamalizia kazi za shule mezani. Sikusema kitu, nikakaa.

Wolpepa inatoka Jumamosi. Swali moja limebaki. Herufi nimezitoa, lakini maneno bado yanasomeka, rangi ya chini yake imebaki imekolea na kwingine imepauka. Na kuna gundi.

---

Fundi Rangi

Gundi ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, ifute na maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ukuta ukauke kabisa. Paka rangi ya msingi ukuta mzima, usiparaze kwenye herufi peke yake, halafu mikono miwili ya rangi. Wolpepa usiipake rangi juu yake, maungio yataonekana. Kama ni ya plastiki, ichane chane kwanza ili maji yapenye, loweka, subiri dakika 15, ndipo ukwangue.

---

Mama Sebule

Asante sana fundi. Wolpepa Jumamosi. Ule wa herufi watoto wameomba usubiri kidogo, wanasema bado wanausoma.