Nimevuliwa uzee wa kanisa kwa kutumia fedha za ujenzi: nihame usharika au nitubu hapa hapa?

Mwanzisha uzi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni Mlutheri wa mkoani Kagera, na kwa miaka tisa nilikuwa mzee wa kanisa na mhazini wa mfuko wa ujenzi. Mwezi Januari, ada ya mtoto iliponikaba na fedha za kahawa zikiwa zimekwisha, nilichukua shilingi 1,400,000 za mfuko huo, nikijiambia kwamba nitazirudisha kabla ya Pasaka bila mtu kujua. Mjumbe mmoja wa kamati, kijana ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kipaimara, alilinganisha stakabadhi na taarifa ya benki, akaona pengo, akampelekea mchungaji habari hiyo badala ya kuja kwangu kwanza. Nimevuliwa uzee, nimezuiwa Meza ya Bwana, na ili nirudi kundini natakiwa kusimama mbele ya usharika niungame.

Fedha zote nimekwisha kuzirudisha. Kinachonishinda ni kule kusimama, mbele ya watu niliokuwa nikiwasomea taarifa ya mapato kila Jumapili. Nimeandika barua ya kuhama, kwa kuwa iko huduma mpya mjini ambako hakuna anijuaye. Mke wangu anasema hicho ni kiburi. Mimi naona ninailinda familia. Naomba ushauri, hasa wa waliopita njia hii.

Mwinjilisti Mstaafu

Ndugu yangu, pole. Nimeisoma habari yako mara mbili, na nimeona kwamba kosa la kijana yule umelieleza kwa urefu uleule uliotumia kulieleza kosa lako.

Fungua 1 Samweli 15. Mfalme Sauli aliagizwa na Mungu awaangamize Waamaleki pamoja na mifugo yao, naye hakutii. Alipobanwa na nabii Samweli alikiri mwishowe kwamba amekosa, lakini papo hapo akaomba aheshimiwe mbele ya wazee wa watu wake. Mfalme Daudi naye alikuwa amezini na mke wa Uria na kumwua Uria mwenyewe, makosa ambayo kwa macho yetu ni mazito kuliko kuacha hai kondoo na ng'ombe wa Waamaleki. Hata hivyo nabii Nathani alipomwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo," hakuuliza ni nani aliyempelekea nabii habari zile. Alisema amemkosea Bwana, basi.

Tena wewe ni mtu wa Kagera, kwa hiyo habari za Uamsho, lile vuguvugu la kutubu na kuungama dhambi hadharani lililoanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika kwetu Bukoba si ngeni kwako. Wazee wetu wa wokovu walirudisha vitu walivyoiba, lakini hawakuviacha mlangoni usiku. Walikwenda mchana, wakasema kwa vinywa vyao walichofanya. Fedha umezirudisha, na hilo ni jema, ila deni limelipwa na toba bado haijasemwa.

Mama Kwaya

Mimi nilihama. Nilikuwa mwalimu wa kwaya, nikamsingizia mwenzangu jambo zito, na ukweli ulipojulikana nikaenda usharika mwingine kabla ya kuitwa na wazee. Nilipokelewa vizuri na nikaimba, lakini kila alipoingia mgeni kutoka kwetu niliinamisha kichwa asinitambue. Niliishi hivyo kwa miaka sita. Nilirudi nyumbani kwa sababu ya msiba wa mama yangu, na aliyekesha jikoni akiwapikia waombolezaji alikuwa ni yule yule niliyemsingizia. Nilimwomba msamaha pale pale, moshi ukituumiza macho. Kaka, usinunue miaka sita kama ile.

Mjumbe wa Mtaa

Naomba niongeze jambo ambalo wenzangu hawajaligusa. Ni kweli Mathayo 18:15 inatufundisha kuanza na ndugu yetu peke yake, ingawa fedha zile zilikuwa za usharika wote na si za kijana huyo. Ni kweli pia kwamba ungamo la hadharani linaweza kugeuzwa kuwa fedheha, na toba haidai udhalilishwe. Kwa hiyo kaa na mchungaji mapema, mkubaliane utasema nini na kwa muda gani. Utakaposimama, usiitaje ada wala mtoto, kwa maana hapo ndipo ungamo hugeuka kuwa utetezi, na mtoto wako atabaki amebeba mzigo usio wake.

Mwanzisha uzi

Ahsanteni sana, wapendwa. Nimeyasoma yote pamoja na mke wangu. Lile neno kwamba Daudi hakuuliza ni nani aliyempelekea nabii habari limeninyima usingizi, kwa sababu mimi nimeuliza hilo tangu mwezi wa pili. Nimeandika maneno ya kuungama. Yalijaa ukurasa mzima, na mke wangu akayafuta yote isipokuwa sentensi tatu. Jumamosi nitakwenda kwanza nyumbani kwa kijana yule, kisha kwa mchungaji. Barua ya kuhama bado iko kwenye droo, na ninaomba mniombee niweze kuichana.