Kuni Arabuko-Sokoke: miti mikavu iliyosimama ikatwe?

Jirani wa Msitu
Wanajukwaa, kikundi chetu huokota kuni zilizoanguka katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Sasa wanachama wanaomba kukata hata mikavu iliyosimama, kwa hoja kwamba ishakufa. Wengine wanataka kufyeka vichaka na kuzoa majani njiani. Ndege na wanyama wataathirikaje, na tupime vipi?

Kigogota
Msikate. Ndege kama vigogota na zuwakulu hutoboa mti ulioanza kuoza, kisha wakihama huingia wasioweza kutoboa: bundi mdogo wa Sokoke, hondohondo, komba, nyuki. Bundi huyo hana kwingi pa kwenda. Hapa yuko zaidi kwenye vichaka vya miti ya Cynometra vya udongo mwekundu, na Tanzania yuko misitu ya chini ya Usambara Mashariki.

Ningeweka hivi: kuni za chini tu, zinazovunjika kwa mkono, shoka zibaki nyumbani. Kila mkavu wenye kipenyo cha sm 30 kwenda juu upigwe pete ya rangi, alama kwamba haukatwi. Msisahau mihuhu mizee yenye uvungu, ambayo hukatwa kwa kisingizio kuwa ni mibovu. Na tundu lililozibwa likabaki ufa mwembamba tu lina jike la hondohondo ndani akiatamia, mara nyingi kapukutisha manyoya ya kurukia. Mti ukianguka, naye kaisha.

Majani Makavu
Kwangu majani ni jambo zito kuliko kuni. Sange mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, hujenga kiota chini kwa majani hayo, na chakula chake ni wadudu waliomo humo. Kipimanjia wa Sokoke, ndege mdogo, naye hulisha chini. Fyekeni njia moja, upana wa mita 1, majani yabaki. Vinjia vingi huwafaa watega tanzi wa sange.

Hesabu ya Alfajiri
Kupima: vituo vyenye umbali wa mita 200, dakika 10 kila kimoja, saa 12 hadi saa 3 asubuhi, mkihesabu ndege walio ndani ya mita 50. Nusu ya vituo viwe pasipookotwa kuni, na muanze kabla ya kanuni kubadilika. Msilinganishe vituo vya msitu wa mirihi (miti ya Brachystegia) na vya Cynometra, ndege wao ni tofauti hata bila shoka.

Mtego mkubwa ni huu: msitu ukifunguliwa, shore na wenzake wa pembezoni huongezeka, na ndege huonekana kwa urahisi zaidi. Jumla inapanda huku wa ndani wanapungua. Kwa hiyo andikeni kila aina peke yake. Bundi wahesabiwe usiku kwa kusikiliza. Kuwachezea sauti kila mara huwasumbua.

Jirani wa Msitu
Na yule ndege, mnana wa Clarke?

Kigogota
Huyo hulisha juu kwenye mirihi, lakini viota vyake vilikuja kugunduliwa mwaka 2013 kwenye vinamasi vya Dakatcha, nje kabisa ya msitu huu. Kanuni za kuni peke yake hazimtoshi. Vinamasi navyo vinataka mlinzi.