Shamba la kukodi la kijiji, Kilosa: naruhusiwa kuzungushia uzio hadi mtoni?

MamaUfuta:
Wakuu, habari za humu. Nimekodi ekari 6 kwa serikali ya kijiji huku Kilosa, miaka mitatu, kodi nimelipa na risiti ninayo. Upande wa chini shamba linagota mtoni. Nataka ufuta juu, mboga kule chini kwenye udongo mweusi, maana pale hata Septemba ukipiga jembe unakuta unyevu. Shida ni ng'ombe. Jioni wanashuka kunywa maji, wanakata katikati ya shamba. Jirani yangu msimu uliopita kavuna mabua. Mwenyekiti kaniambia kwa mdomo, "Zungusha tu, mama." Hiyo "zungusha tu" ndiyo inayoninyima usingizi, seng'enge si bei ya mchicha. Halafu fundi anataka nguzo akate ile mikuyu ya kando ya mto. Nishaurini.

Babu Mkondoa:
Mama, mwenyekiti hatoi ardhi peke yake. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kukodisha eneo lisilozidi hekta 5 kwa muda usiozidi miaka 5 kunaamuliwa na halmashauri ya kijiji. Ekari zako 6 zimo humo. Omba suala la uzio liingie kikaoni, upewe nakala ya muhtasari yenye mhuri. Uchaguzi ukija na mwenyekiti mwingine, utakuwa na cha kumwonyesha. Uliza pia mpango wa matumizi bora ya ardhi kama upo, uone njia ya mifugo imepita wapi. Ukiziba njia ya kunyweshea, uzio haumalizi wiki. Na ugomvi wa wakulima na wafugaji Kilosa unaujua, sina haja ya kukusimulia.

mkulima_wa_jioni:
Mboga za ukingoni sahau, dada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto hairuhusiwi shughuli ya kudumu wala inayohatarisha hifadhi ya ukingo. Mimi nilipima kwa kamba ya manila niliyoipiga fundo kila mita kumi, kijana kashika ncha ya mtoni, mimi narudi kinyumenyume juani. Kipande kilichoniponyoka kiliniuma, nisiseme uongo. Masika yalipokuja, penye matete ukingo ulikaa. Kwa mwenzangu aliyelima mpaka majini ulimeguka na matuta yake ya nyanya. Mikuyu usiiguse. Na ukifikiria pampu, kibali cha kutumia maji kinatoka bodi ya maji ya bonde, si kijijini.

Kijana wa Kimamba:
Seng'enge ya nini kwa miaka mitatu? Panda minyaa, ng'ombe haigusi. Ila wakati wa kukata vipande linda macho, ule utomvu si mchezo. Nguzo tumia miti ya mkonge, huku kwetu ipo.

MamaUfuta:
Shikamoo Babu, asanteni wote. Nimeusoma upya mkataba, hauna hata neno moja la uzio, unasema "kilimo" basi. Jumatatu nipo kwa mtendaji na barua. Ufuta nitaanzia juu ya hizo mita 60, na njia ya ng'ombe nitaiacha pembeni, upana wa mkokoteni mmoja na nusu. Kijana wa Kimamba, miti ya mkonge siku hizi mnauza kwa mzigo au kwa mti mmoja mmoja?

Kijana wa Kimamba:
Kwa mzigo, mama. Njoo na gari lako lakini.